Senti za Toleo Jipya

Mtu anayetumia kompyuta kuandika barua na kutazama tamthilia akisasisha mfumo, anapata picha mpya ya ukutani na madirisha yenye pembe za mviringo, basi, maisha yanaendelea. Sisi tunaoandika programu tunapata hivyo vyote, pamoja na msiba.

Kompyuta yangu ilianza kuniomba kwa adabu: nisasishwe sasa, au usiku? Nikawa nabonyeza "nikumbushe kesho", na kesho yake haikusahau. Ilipofika mahali kivinjari nacho kikagoma kwa madai kwamba mfumo umezeeka, nikanunua bando, maana toleo jipya lilikuwa gigabaiti zaidi ya kumi, nikaliacha lishuke usiku kucha. Jina la mfumo silitaji. Bado nakula kwa mkono wake.

Asubuhi ikawaka na vilima vya rangi ya machungwa. "Anko, sasa mashine yako kali!" akasema mpwa wangu aliyekuja likizo. Nikafungua terminali, nikaandika git status, amri ninayoiandika mara nyingi kuliko jina langu. Git hakuna. Mfumo ulivuka kwenda toleo jipya, zana za kazi zikabaki ng'ambo. Dawa yake ni amri moja fupi, ambayo nayo inataka kushusha mamia ya megabaiti, na bando nilikuwa nimelimaliza kwa ajili ya vilima. Nikanunua jingine. Dirisha likakadiria saa tisini, kisha dakika nne, kisha saa kumi na tisa, kama dalali anayepima mfuko wa mpangaji.

Zana zikarudi. Nikawasha programu ya Flask, ambayo usipoielekeza vingine husikiliza kwenye poti 5000. Ikakataa: poti ina mwenyewe. Kumsaka huyo mwenyewe, nikakuta ni kompyuta yangu! Toleo jipya limekuja na huduma ya kupokea video kutoka kwenye simu za kampuni hiyohiyo, na huduma hiyo, bila hodi, imejikalisha 5000. Simu hiyo sina. Nina ya laki mbili, kioo kimepasuka, na hakuna kompyuta inayoisubiri popote.

Seva ya mteja nayo ikagoma kunifungulia. Tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021, OpenSSH, programu ninayoingilia kwenye seva, kwa mpangilio wake wa kawaida imeacha kukubali saini za RSA zinazotegemea SHA-1, na seva ile haijui saini nyingine. Kwa upande wa usalama waliotengeneza OpenSSH wana haki kabisa. Mimi nilikuwa nataka kuingia tu.

Lakini yote hayo ni mvua za rasharasha. Mteja mwenyewe ni chama cha kuweka na kukopa, na ripoti ya gawio la wanachama inatoka kwenye skripti niliyorithi kwa mtangulizi wangu, iliyoandikwa kwa Python 2. Lugha hiyo iliacha kutunzwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mfumo wa zamani ulikuwa ukija nayo, mpya umeifuta. Nikahamishia skripti kwenye Python 3: kila print nikaifungia mabano, ikaenda bila kulalamika, nikatuma ripoti.

Jioni simu ikaita. Mama mhazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ripoti nimeiona, ahsante. Ila kuna senti humu."

"Senti gani, mama?"

"Huyu ana senti hamsini, huyu ishirini na tano. Miaka yote hazikuwepo. Wazee wanauliza, zilikuwa zinaliwa na nani?"

Jasho likanitoka. Nikaeleza: ukigawanya saba kwa mbili kwa alama ya mkwaju mmoja (/), Python ya zamani inajibu tatu, mpya inajibu tatu na nusu.

"Kwa hiyo ya zamani ilikuwa haijui hesabu?"

"Ilikuwa inajua, mama. Ilikuwa inapunguza tu."

"Inapunguza." Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu ikiandika.

Nikamwahidi kwamba ni kazi ndogo: nikiweka mikwaju miwili badala ya mmoja, senti zinaondoka na ripoti inakuwa kama ya zamani.

"Thubutu!" akasema. "Hizo senti sasa ni za wanachama."

Mkutano mkuu ni Jumamosi, na nimealikwa kwa barua yenye mhuri nikawaeleze wazee neno "inapunguza". Wenzangu mnaoandika programu za fedha za watu, kama kompyuta inawaomba kusasishwa usiku wa leo, pitieni kwanza mikwaju yote ya kugawanya. Vilima vitasubiri.