Bibi Kiti na Funguo za Noah

Wewe mwenye familia utanielewa upesi. Ukiwa na mke, watoto watatu, mama mkwe anayeishi kwako na shemeji anayekuja kusalimia siku nne kwa wiki, kununua gari hakuwezi kuwa siri yako. Mimi nilijaribu. Miezi miwili mizima, kila nikitoka kazini, nilikuwa napita kwenye yadi moja ya Kinondoni kuitazama Mark X ya rangi ya fedha. Naizunguka, nachungulia ndani, naondoka. Siku moja nikaipiga picha. Mwanangu wa miaka minne akachukua simu yangu kutafuta katuni, akaiona, na kabla chakula cha usiku hakijapakuliwa nyumba nzima ilishaijua.

Ngoja nikutajie watu wa nyumbani, maana bila wao hadithi haiendi.

Mke wangu namwita Hazina, kwa sababu kila shilingi ya nyumba hii inalala kwake. Anauza chakula cha mchana Buguruni, na wali wake wa nazi ndio unaolipa ada. Binti yetu mkubwa, miaka kumi, ni Kachero. Hakuna droo asiyoifungua. Huyo wa simu ni Honi, maana akiona usukani mahali popote mkono wake unajua pa kwenda. Wa mwisho bado yuko mgongoni. Shemeji, kaka wa Hazina, ni Shemeji Spana. Aliwahi kukaa gereji moja ya Gerezani miezi mitatu, na tangu hapo hakuna gari linalopita mtaani bila yeye kulitolea maelezo. Na mama mkwe wanangu wanamwita Bibi Kiti, kwa kuwa akiingia mahali kiti kizuri huwa kimeshampata. Jina hilo nisingethubutu kulitoa mimi. Mkwe ni mkwe.

Gari lenyewe tulilihitaji kweli. Masika yaliyopita Bibi alishikwa na presha usiku wa manane. Tulimpakia kwenye bajaji, mguu wake mmoja ukabaki nje kwa sababu goti haliwezi kukunjwa, na mvua ikampiga mguu ule hadi hospitali. Hazina alikuwa pembeni yake ameushika ule mguu kwa khanga. Tangu usiku ule hakuzungumzia habari ya kununua kitu kingine. Akiba yangu ya miaka mitatu ikaunganishwa na mgawo wake wa kikoba, ikafika shilingi 13,000,000.

Jumamosi tukaenda yadi, sote. Nilipendekeza niende na Shemeji Spana tu. Hazina alikuwa ameshamvalisha Bibi baibui, akaniambia, "Baba Kachero, gari tutapanda wote, tutaliona wote." Mambo yakaishia hapo, kama yanavyoishia siku zote kwetu. Tukakodi bajaji mbili. Ya tatu ilikuwa na mteja wa Hazina, fundi wa makamo wa kule Buguruni tunayemwita Mzee, ambaye alishalipwa 40,000 yake na kuahidiwa sahani ya wali na samaki.

Kijana wa yadi alitupokea vizuri. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu. Kiti kiko wapi?" Kiti chake mwenyewe kikatolewa kwenye kibanda, Bibi akaketi chini ya mwembe kama mwenye yadi.

Nikawapeleka kwenye Mark X yangu. Shemeji Spana akavua miwani, akainama, akasikiliza injini iliyokuwa haijawashwa. "Hii ni V6," akasema, "hii ukiikanyaga Chalinze, Morogoro inakufuata yenyewe." Moyo wangu ukapata joto. Hazina hakutazama rangi wala rimu. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama anavyopima sufuria kabla ya kuishika bila kitambaa.

"Mbona lina moto? Nani kaliendesha asubuhi hii?"

"Nililiwasha kidogo nilihamishe, dada."

"Ulihamishe kutoka wapi? Kwenye picha ya mume wangu limesimama hapa hapa, ubavuni mwa nguzo hii."

Hapo Mzee akasogea. Alituambia neno ambalo ningependa kila mnunuzi alibebe: injini ya gari la mkononi iangalie ikiwa baridi. Baridi ndiyo inayotoa siri zake. Utasikia inavyohangaika kuwaka, utasikia milio inayonyamaza ikishapata moto, na utaona moshi wa mwanzo. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Mweusi, petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua. Mweupe mzito usioisha hata gari likishapata moto, maji yanapita mahali yasipotakiwa. Yadi ikikuwashia gari kabla hujafika, imekufungia dirisha la kwanza la kuchungulia.

Kisha akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Chini yake kulikuwa na povu zito, rangi ya chai ya maziwa. Akachomoa na kijiti cha kupimia. Nacho kilikuwa hivyo hivyo. Hazina akatazama sekunde moja tu.

"Tui hilo," akasema.

Maji yalikuwa yameshachanganyika na oili, pengine gasketi imekufa au silinda hedi imepinda kwa kuchemsha. Mzee akarudisha kifuniko taratibu, akafuta vidole, akanitazama kwa huruma ya mtu anayeleta habari ya msiba. Miezi miwili niliizunguka Mark X ile na sikuwahi kufungua boneti. Mke wangu alihitaji kiganja kimoja.

Wakati tunazungumza, honi ikalia yadi nzima. Honi alikuwa ameshapata usukani wake, ndani ya Noah nyeupe ya mwaka 2003, namba D, iliyoegeshwa nyuma kabisa na kujaa vumbi. Shemeji akaenda kumtoa, akakuta mlango wa pembeni wa kuburuza uko wazi na Bibi anapandisha goti lake. Bibi alikuwa ameacha kiti chini ya mwembe, na hilo si jambo dogo. Aliingia bila kushikwa mkono. Akajaribu kiti cha katikati, akajaribu cha nyuma, akarudi cha katikati. Akanyoosha ule mguu wote, hata mahali pa kuuweka pakabaki.

"Hapa," akasema.

Kijana akawasha. Ndani ya dashibodi sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, polepole, kwa adabu kubwa. Ni kile kifaa cha kulipia barabara za Japani, kinachokumbusha kuwa kadi haijawekwa. Magari mengi ya huko yanafika kwetu nacho na kinaendelea kukumbusha mpaka leo. Bibi akainamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu.

Hazina akanitazama, nami nikamtazama. Mark X ilikuwa imeshakwisha hata bila lile tui.

Lakini kupenda ni kitu kimoja na kulipa ni kingine. Bei iliyotajwa ni 14,500,000. Injini ilikuwa baridi kabisa, hakuna aliyetarajia tungeitaka. Iliwaka mara ya kwanza, moshi hakuna. Mzee akalisikiliza, akalipeleka hadi Mkwajuni na kurudi, gia zikaingia bila kushtuka. Akatuonya kuwa ni injini ya D4, ile ambayo petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa: haitaki petroli chafu na haitaki oili ya kubahatisha. Shemeji Spana akasema yeye alishalijua hilo tangu getini.

Kwenye dashibodi kilomita zilisomeka 86,412. Kijana akazisema mara tatu. "Kilomita chache mno hizi, kaka, kwa gari la umri huu."

Kachero wakati huo alikuwa anafungua kila kinachofunguka. Akafungua mlango wa dereva hadi mwisho, akachuchumaa, akaita, "Baba, hapa pana stika imeandikwa kikwao." Kwenye nguzo ya mlango, chini ya vumbi, kulikuwa na karatasi ndogo ya kubadilishia oili, ile wanayobandika mafundi wa Japani. Maandishi hatukuyajua, lakini namba ni namba. Kachero akazisoma kwa sauti: "26, 6, 12. Halafu 118,300."

Kijana akasema labda hiyo ni namba ya simu. Mzee akavaa miwani yake. Stika za namna hii amezisoma miaka mingi. Wajapani, akatueleza, wana kalenda inayohesabu miaka ya enzi ya mfalme wao, na enzi ya Heisei ilianza 1989. Ukiona namba ya enzi hiyo, ongeza 1988. Kwa hiyo 26 ni mwaka 2014. Gari hili mwezi wa sita 2014, likiwa bado kwao, lilikuwa limeshatembea kilomita 118,300. Likavuka bahari, likatembea Tanzania miaka yote hiyo, na leo lina 86,412.

Yadi ikawa kimya. Kijana aliapa kuwa ililetwa hivyo na mtu aliyeiuza kwao, na mimi nilimwamini, kwa sababu uso wake ulibadilika rangi. Nilikuwa tayari tuondoke. Hazina akauliza swali moja tu kwa Mzee: injini ni nzima? Mzee akasema ni nzima, ila ni ya gari lililotembea. "Basi," akasema Hazina, "uongo wake tumeshaujua. Tuzungumze bei ya ukweli."

Akatoa lile daftari lake la madeni ya wali na kalamu. Tairi nne: Mzee alimwonyesha ubavuni tarakimu nne za mwisho, 3216, yaani zilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2016, kashata bado zipo lakini mpira umeshapasukapasuka. Andika 640,000. Shokapu mbili za mbele zinavuja, 180,000. Bushi, 60,000. Kisha akaingiza namba ya gari kwenye simu kuangalia faini za trafiki. Zikatoka nne, kila moja 30,000. Andika 120,000. Akapiga mstari chini: 1,000,000 kamili. Akazungusha duara, akamgeuzia kijana daftari.

Kijana akashuka hadi 13,500,000. Baada ya habari ya kilomita akashuka hadi 13,000,000, akagoma. Hazina akasimama kwenye 12,000,000, naye akagoma. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Honi akapiga honi. Jua la saa saba likatukuta tumesimama tu kati ya magari, na shati la Shemeji Spana limejaa oili kwa kuwa alilala chini kukagua kitu ambacho hakuna aliyemtuma.

Bibi ndiye aliyeuliza kutoka ndani ya Noah. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Tabora, Bibi. Urambo."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, Bibi."

"Mtani wangu!" Nilijua mambo yamebadilika. Bibi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi kutoka bara kuja pwani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia msibani na huruhusiwi kununa. Bibi alinyoosha mkono, akachomoa funguo za Noah mahali pake, akazitia ndani ya baibui.

"Funguo nimezikamata, mtani. Babu zako walikuja kwetu pwani miguu inawauma, tukawapa maji na kivuli. Leo bibi yao mguu unamuuma, mnataka arudi na bajaji? Kuzikomboa ni milioni kumi na mbili."

Kijana alicheka mpaka akashika mlango. Akajaribu kuomba, Bibi akafunga macho kama aliyelala. Akampigia bosi wake simu, akamweleza kuwa kuna bibi, mtani, kakamata funguo. Tukasikia bosi naye akicheka upande wa pili. Ikawa 12,200,000, na faini zote zilipwe na yadi kabla ya fedha kuhama. Laki nane zilizobaki Hazina alizirudisha kwenye daftari papo hapo: tairi na shokapu.

Jumatatu tukaandikiana mkataba mbele ya wakili, fedha zikapita benki, na umiliki ukahamishwa TRA. Kadi ilitoka kwa jina la Hazina. Hakuna aliyeniuliza, na sikuona sababu ya kuuliza. Redio inashika stesheni chache, kwa kuwa za Japani zinaishia karibu na 90 na zetu zinapanda hadi 108. Shemeji Spana ameahidi kuirekebisha na hatujamruhusu. Kila asubuhi yule mama wa Kijapani anazungumza, na Bibi anamwitikia.

Wewe unayetafuta gari, usiende peke yako na usiende na anayelipenda gari kama unavyolipenda wewe. Nenda na anayepika, nenda na mtoto anayefungua milango, nenda na mwenye goti bovu. Fika asubuhi, na kabla hujasalimiana na mtu, weka mkono juu ya boneti.