Sifa za Penzi la Desemba

Wako waliosifu milima, wako waliosifu wafalme, na kila mwaka wa uchaguzi wako wanaolipwa kuwasifu wasiosifika. Mimi mkazi wa Kikima, mwenye duka la agroveti karibu na soko, nimeamua kulisifu penzi la Desemba: lile linalopanda na matatu kutoka Machakos Krismasi ikikaribia, likala mbuzi, likaapa, kisha likashuka na matatu mwaka mpya ukiingia. Wazee huliita upuuzi. Wahubiri hulikemea kwenye kesha, tena wakiwatazama wahusika machoni. Mtetezi halina. Nimejitwika kazi hiyo kwa sababu limenisumbua miaka mingi, na anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye miguno yake.

Sifa yake kuu ni kushika wakati. Katika nchi ambayo mkutano wa saa nne huanza saa sita na mvua ya Oktoba hujikokota hadi Novemba, penzi la Desemba halichelewi. Mapenzi mengine huanza bila kutangazwa na kufa bila matanga. Hili lina ratiba. Tarehe 22 linashuka kwenye matatu likiwa na begi la magurudumu, ambalo halina faida yoyote kwenye njia zetu za milimani. Tarehe 24 ni kanisani, kwaya ikiimba na shingo zikigeuka. Tarehe 25 ni mbuzi. Tarehe 26 ni kupanda kilimani kutazama mabonde upande wa Tawa na kusema kwamba hewa ya huku ni safi. Tarehe 28 huwa ni ugomvi, na nimeona busara yake: ukichelewa hata siku moja, nafasi ya kupatana kabla ya tarehe 31 inakuwa finyu. Usiku wa kuamkia mwaka mpya ni wa ahadi. Tarehe 1 ni kufungasha maparachichi. Tarehe 2, wakati stendi inanuka dizeli na kila konda amegeuka mfalme wa nauli, ni machozi, lakini ya haraka, maana gari likijaa halimngoji mtu.

Tena ni penzi pekee nilijualo ambalo Bunge limelitungia sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye mshahara isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Ondoa siku alizotumia kwa mazishi ya shangazi, kwa mtihani wa kupandishwa cheo na kwa homa, kinachobaki ndicho penzi letu. Waheshimiwa waliopitisha kifungu kile hawakujua kuwa wanatunga shairi la mapenzi. Wangejua, labda wangeongeza siku mbili tatu.

Sifa nyingine nitazipitia mbiombio. Ni penzi la bei nafuu. Linawapa watu wa bodaboda kitu cha kuzungumza hadi Pasaka. Linamfanya mama mkwe mtarajiwa apake ukuta rangi. Linafundisha jiografia: nazijua njia za mkato za Nairobi ambazo sijawahi kuzikanyaga, kwa kuzisikia tu kwenye simu za saa moja jioni, mtu akiwa kwenye foleni.

Na lina nasaba, maana hakuna sifa bila ukoo. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba hapa Mbooni ndipo wazee wetu walipotulia kabla ya kutawanyika kwenda Iveti, Kilungu na ng'ambo hadi Kitui. Kwa hiyo kumwacha mtu Mbooni na kwenda zako si jambo la ajabu. Limefanywa na kabila zima. Wakoloni nao wakalitia utaratibu. Wanaume wa Ukambani walichukuliwa kwa wingi kwenye jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) na polisi, wengine wakawa makarani na vibarua Nairobi, na mshahara wa Mwafrika mjini ukawa unahesabiwa kama wa kapera, kana kwamba mke na watoto watajilisha wenyewe kwenye rizavu. Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya ililisema jambo hilo mwaka 1954 na ikapendekeza mshahara unaoweza kulisha familia. Nyanya yangu alikuwa ameshaolewa zamani. Naye alipendwa kwa likizo. Ukizitazama kadi za ubatizo za wajomba zangu, karibu wote ni wa Septemba.

Sasa nifike mwaka 2020, na hapa sauti ya kusifu inaniparuza koo.

Mwaka ule penzi langu lilikuja Machi, kinyume cha ratiba yote niliyoieleza. Korona ilikuwa imeingia, na serikali ilikuwa imewahimiza waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani. Yeye yuko kwenye kampuni moja ya bima, kitengo cha madai, akaona heri nyumbani kwa kweli kuliko chumba kimoja cha kupanga. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na mtu wangu akabaki huku hadi Julai.

Mtandao ulishika vizuri kwenye tuta la tatu la shamba la baba yake, chini ya mparachichi. Hapo ndipo ilipowekwa meza ya kahawa ya mama yake na kiti cha plastiki. Juu alivaa shati jeupe na tai. Chini kaptura na gambuti, maana kamera haikufika kiunoni. Nikimpelekea chai nilimkuta akimwambia mteja wa Nakuru kwa sauti ya kiofisi kabisa, "Tumelipokea dai lako, mzee," huku kuku akipita chini ya meza na vifaranga vyake. Siku za mvua alifunga mwavuli kwenye tawi kwa kamba ya katani. Madai yalipokelewa, yakachunguzwa, yakalipwa. Jioni alifunga kompyuta akaja dukani kunisaidia kupima chakula cha kuku. Kampuni haikufilisika. Nijuavyo mimi, hakuna mteja hata mmoja aliyegundua kwamba gari lake limelipwa kutoka Kikima.

Njia zilipofunguliwa Julai, wakubwa wake wakaanza kumwita. Kwanza siku moja kwa wiki, baadaye zote. Sababu ilikuwa utamaduni wa kampuni. Utamaduni gani? Kukaa saa mbili kwenye foleni ya Mombasa Road ili ukafungue kompyuta ileile na kumjibu mteja yuleyule wa Nakuru? Kulipa kodi ya nyumba inayokula nusu ya mshahara ili meneja akitoka kwake aone vichwa vimeinama? Nimemuuliza, hana jibu. Nimewauliza wenzake walipokuja kula mbuzi, wakacheka, wakasema hewa ya huku ni safi.

Hapo ndipo nilipochoka na ile hadithi kwamba mimi na yeye tumekwama kati ya mapenzi na kazi. Huyasema hayo watu wenye heshima zao, wakiongozwa na mama yake, ambaye nampenda na ambaye ameniambia mara nyingi akikoroga muthokoi: "Mwanangu, kifunge hicho kiduka uende. Nairobi hutakosa kitu cha kujishikiza." Kumbe mwenye kazi ni mmoja tu, mimi nina kiduka. Mama, kiduka hicho kimesomesha wadogo zangu. Mvua za Oktoba ndizo msimu wetu mkuu, na mwezi huo nauza mbegu tangu alfajiri. Viwavijeshi wakivamia mahindi, nami ndiye ninayeamshwa usiku. Kideri kikiingia kijijini, kuku hawamngoji mtu wa bima. Wanangoja chanjo iliyo kwenye friji yangu, na stima ikipotea ni mimi ninayezunguka kutafuta barafu. Nina vijana wawili ninaowalipa. Ndoto zangu ni kubwa kama za mtu yeyote wa ghorofa ya tisa, ila hazina lifti.

Kutengana huku hakukuamriwa na mioyo yetu. Januari 2013 Rais Kibaki aliweka jiwe la msingi la mji wa teknolojia huko Konza, kwenye ardhi ya Malili, katika kaunti hii hii yetu ya Makueni, na tukaambiwa kazi za kompyuta zinatufuata nyumbani. Mwaka huohuo ugatuzi ukaanza, na nitasema haki: ofisi za kaunti kule Wote zimeokoa ndoa kadhaa ninazozijua. Lakini mwenye shahada ya bima bado hana pa kukaa na shahada yake isipokuwa jijini, na si kwa kuwa kazi haiwezi kufanyika kwenye tuta la tatu. Mimi niliiona ikifanyika.

Basi enyi wakubwa wa kampuni, mnaowatumia watu wenu kadi za Krismasi zenye picha za familia zilizokumbatiana: mpeni mtu wa madai wiki mbili kila mwezi za kufanyia kazi kwao, mhesabu madai aliyoyalipa, kisha mseme kama mmepata hasara. Nanyi mtakaopanda Desemba hii mkiulizia nahamia jijini lini, duka litakuwa wazi hata tarehe 26. Niulizeni bei ya dawa ya kupe.