Hongo ya Kumuenzi Mama

Dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam na hupanda bajaji kwenda gengeni, ameamua kwamba ukoo wetu utatembea. Mama alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo tutamuenzi kwa kuchangisha nauli za kina mama wa vijijini waje mjini kupimwa. Hapo sina neno. Neno langu ni moja tu: miguu yangu inaingiaje?

Utaratibu umetumwa kwenye kundi la familia. Kuna ada ya kushiriki. Kuna fulana yenye picha ya Mama, nayo inalipiwa. Kisha kila siku hatua 10,000 kwa mwezi mzima, na wafadhili ujitafutie. Nikauliza ni daktari gani aliyeandika dozi hiyo. Kumbe hesabu ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni ilipokuwa inauza kifaa cha kuhesabu hatua. Yaani navimba miguu kwa tangazo la biashara lililonizidi umri.

Wagogo wenzangu mtanielewa. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo ikipita Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wetu: vitambaa, shanga, nyaya. Nchi kavu, visima vyetu, utapita wapi? Wapelelezi Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley akalipa mwaka 1871, akanung'unika mpaka kitabuni. Leo mjukuu wa waliopokea analipia kutembea kwao, na maji ya chupa anajinunulia.

Shahidi wa hatua ni simu. Shemeji yangu wa Nkuhungu humpa mwanawe simu akienda kuchunga mbuzi; jioni shemeji anaongoza ukoo mzima na kochi halijapoa. Mimi mkweli nala vumbi na upepo wa Dodoma, bodaboda wananipigia honi kwa huruma. Juzi bibi mmoja alitusimamisha.

"Mbukwenyi! Wanangu, gari limeharibika?"

"Hapana bibi, tunatafuta nauli za wagonjwa."

"Sasa si mngepanda gari mkaitafute upesi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, hata mwenyekiti wa kamati.

Maana kamati ipo. Tuna mweka hazina, tuna mtu wa vinywaji, tuna msemaji. Mama alishuka miaka yote kutoka Ntyuka hadi soko la Majengo, kapu la mlenda kichwani, bila msemaji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dada ana haki. Ndugu hawa hawa, ukiwapelekea kadi ya harusi, wanachanga laki mbili na kuulizia ukumbi. Waombe elfu kumi ya nauli ya mgonjwa, wanataka kuona risiti za mwaka jana. Lakini waambie utatoka jasho kwanza, mifuko inafunguka. Mbio za NBC Dodoma Marathon zilianza mwaka 2020, na watu wanalipa kukimbia juani ili fedha ziende kupambana na saratani hii hii. Mtanzania hatoi kwa shida yako, anatoa akikuona unahema.

Na kipimo chenyewe kinachotumika sana hakina makuu: mhudumu anapaka siki, anaangalia, dakika chache umemaliza. Dalili za awali zikionekana zinatibiwa kabla hazijawa saratani. Wasichana wana chanjo tangu mwaka 2018. Mama hakupata hata hiyo siki, kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa ndiyo siku ya soko.

Basi nikaona niwe muungwana. Nikaandika kundini kwamba natoa mchango wangu mara mbili, taslimu, kwa sharti moja: nibaki nimekaa.

Dada akajibu papo hapo: "Mungu akubariki mdogo wangu, mchango umepokelewa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, Ntyuka. Kapu la mlenda utabeba wewe, wapiga picha wanakuja."