Usiseme Mchuzi

Sogea nikae, jirani. Benchi la Mangi hili, halina hati miliki. Na usinitazame mikono. Nimesema usinitazame mikono! Nitakueleza, lakini mdogo mdogo, maana habari yenyewe ina mchuzi, ina jiki, ina siki, ina mpaka vita ya Wajerumani.

Alhamisi mama watoto kaenda Tanga, harusini kwa mdogo wake. Kachukua kichanga, kaniachia binti wa darasa la kwanza, kaniachia friji, kaniachia sharti. Sharti lilikuwa moja tu. Alilirudia mara tatu, na ya tatu ameshapanda basi, anapaza sauti dirishani, abiria wote wanageuka kunitazama: "Baba watoto, sebuleni usile!"

Sasa lazima ulijue hilo zulia. Limetoka Muscat. Shemeji yangu yuko kule miaka mingi, ndiye aliyetutumia tulipooana. Sufu tupu, rangi ya damu ya mzee, maua meusi pembeni. Nilipolipokea niliambiwa nilipite kandokando, na mpaka leo napita kandokando. Kwa kifupi, nyumba ile ina mke, ina zulia, ina watoto, halafu nafasi ya nne tunagombea mimi na jogoo.

Alhamisi hiyohiyo usiku kuna mpira. Utakulaje jikoni wakati mpira uko sebuleni? Sahani mapajani. Wali, samaki, mchuzi wa nazi uliokolea manjano. Dakika ya themanini na kitu timu yangu ikapata penalti, ikakosa. Mimi nikaruka. Wenzangu huruka kwa goli, mimi nimeruka kwa penalti iliyokoswa, usiniulize. Sahani ikaruka na mimi. Mchuzi ukatua katikati ya zulia.

Nageuka, binti kasimama mlangoni. Hivi watoto wa siku hizi wanalala saa ngapi?

"Baba, mchuzi."

"Njoo mama, njoo. Mama yako akirudi, usiseme mchuzi. Kesho nakununulia aiskrimu."

"Mbili."

"Haya, mbili."

"Na chipsi."

"Na chipsi. Sasa, usiseme nini?"

"Mchuzi."

Mtoto ana akili kama mama yake. Akaenda kulala.

Mwenye akili zake angefuta na kitambaa akamfuata. Mimi nikakumbuka jiki. Si ndiyo inatoa madoa? Mashati yangu ya shule marehemu mama alikuwa anayatia jiki, yanatoka yanametameta. Kwamba yale mashati yalikuwa meupe tangu dukani, hilo halikunijia usiku ule. Chupa iko chooni, imebaki nusu. Nikaimimina kama mtu anamwagilia mchicha. Nyumba nzima ikanuka bwawa la kuogelea la hoteli ambayo sijawahi kulala.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Lile doa la njano likageuka jekundu, palepale, nalitazama. Jekundu juu ya damu ya mzee, utaliona wapi? Limepotea! Nikajipiga kifua. Nikazima taa, nikalala usingizi wa mshindi.

Ijumaa asubuhi nafungua pazia, zulia limekuwa ramani. Katikati Unguja, upana wa kisahani. Juu yake Pemba. Huku chini kitone kimoja, nadhani ni Mafia. Vyote rangi ya kiini cha yai la kisasa, ile njano isiyo na damu. Nikasugua. Halitoki. Nikapiga sabuni ya unga. Halitoki. Nikapiga ya mche. Ndiyo kwanza linang'aa. Nikaja hapa dukani, na wewe Mangi usijifanye unapanga soda, ulisema nini? "Siki, kaka. Siki inatoa kila kitu." Ukachukua hela yangu.

Nikamimina siki. Zulia kwa chini bado limelowa jiki.

Kuna kitu kilipanda puani, jirani, sijui nikifananishe na nini. Macho yakafunga yenyewe. Koo kama nimemeza wembe. Nikatoka mbio na bukta, nikadondoka barazani, machozi mto. Majirani wakaanza kukusanyika, mama mmoja kaja na kanga kichwani kabisa, ananong'ona, "Nani tena? Wa Tanga au?" Sauti haitoki nimjibu, basi akaanza kulia na yeye.

Mwalimu wa kemia wa nyumba ya pili ndiye aliyejua. Yule baba nadhani alikuwa anaisubiri siku ile tangu alipotoka chuo. "Umechanganya sodiamu haipokloraiti na asidi!" anapiga kelele, uso umejaa furaha. "Umetengeneza gesi ya klorini! Nyumbani kwako!" Akatukalisha wote barazani, darasa likaanza. Kwamba ndiyo gesi ambayo Wajerumani waliwafungulia Wafaransa kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kwamba jiki usiichanganye na siki, wala na limau, wala na dawa nyingine ya kusafishia choo, wala usiimwagie kwenye mkojo. Halafu akanigeukia. "Wajerumani wenyewe walisubiri kwanza upepo uwapulizie wenzao. Wewe umefungulia gesi, madirisha umefunga, na umekaa humohumo." Watu wakacheka. Hata yule wa kanga.

Binti alikuwa shule, namshukuru Mungu. Karudi mchana kakuta milango yote wazi na mwalimu bado anahutubia.

Jioni nikanunua maka peni mbili, nyekundu na nyeusi. Hapo sitakaa sana. Unguja ikawa zambarau.

Jumamosi nikasalimu amri, nikamfuata fundi makochi, yule mzee wa chini ya mwarobaini. Nauli ya bodaboda buku tatu, chai buku mbili, na zulia hajaliona. Kaingia, kavua viatu. Kachuchumaa. Kavuta uzi mmoja pale palipoharibika, ukakatika kama bua. Kavuta mwingine pembeni pazima, katoa kiberiti, kauchoma. Haukuyeyuka. Ulijikunja, ukanuka nywele zilizoungua, sebule yote ikawa saluni. Majivu kayasaga na vidole, yakawa unga mweusi.

"Sufu," akasema. "Ingekuwa nailoni ingeganda kidonge kama plastiki. Umeweka nini hapa, mwanangu?"

"Jiki, mzee wangu."

"Kwenye sufu?"

"Nilikuwa natoa doa."

"Doa la nini?"

Nikachungulia mlangoni. "Mchuzi. Wa manjano."

Mzee akakaa chini kabisa. "Manjano inaogopa jua. Ungefuta, ukasuuza, ukaanika nje, siku mbili tatu jua lingelila lenyewe."

Jirani, yale maneno yaliniuma kuliko gesi. Dar hii! Jua lipo bure, linatubabua mpaka tunalitukana, mimi nimepita katikati yake kwenda kununua siki! Nikamuuliza sasa, mzee, hili doa jipya linatokaje?

"Hili si doa. Doa ni kitu kimeingia. Hapa kuna kitu kimetoka. Rangi imeondoka, mwanangu, unasugua ili kitoke nini?"

Nikawaza magoti yangu. Siku nzima ya Ijumaa nimeyasugulia hewa.

Kumbe kuna zaidi. Sufu ni manyoya ya kondoo, na jiki inakula manyoya. Ukiacha kitambaa cha sufu ndani ya jiki, unarudi hukikuti, kimeyeyuka. Ndiyo maana Unguja yangu ilikuwa na bonde, ukipitisha kiganja kinashuka. "Uliisuuza?" kaniuliza. Nikamuuliza na nini. Akanitazama kama mtu anayetazama simu iliyotumbukia chooni. "Basi bado inakula. Hapa tunapoongea, inakula."

Dawa ya uhakika, kasema, ni kung'oa mafundo yote yaliyoliwa na kusuka mapya, uzi kwa uzi, kwa sufu iliyotiwa rangi ileile. Laki mbili. Nina elfu thelathini, na humo kuna chipsi za binti. Basi, kasema, tupake rangi. Nikajitia mjuaji, nikamwambia Kariakoo kuna rangi za batiki. Akatikisa kichwa. Zile ni za pamba, na zinatiwa kostiki soda. Kostiki ingemalizia kiporo cha jiki. Kinachokolea kwenye nywele ndicho kinachokolea kwenye sufu, maana sufu nayo ni nywele. "Una hina humu ndani?"

Kuna hina. Nyumba ya mwanamke wa Tanga ikose hina?

"Itafika kwenye damu ya mzee?" nikamuuliza.

"Haifiki. Itaishia damu ya kijana."

Lakini kwanza jiki iuawe. Maji, kitambaa, maji, kitambaa, mara kumi. Halafu haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda ya asilimia 3, ikitoa povu ujue jiki inakufa. Nikaenda duka la dawa. Nyuma yangu foleni.

"Kidonda kiko wapi?" dada ananiuliza.

"Sebuleni."

"Sehemu gani ya mwili, baba?"

"Sio mwili. Katikati, karibu na stuli."

"Kikubwa?"

"Kama kisahani. Na kingine kidogo kwa juu."

Akaniuzia. Sauti yake ikawa ya upole ghafla, kama anaongea na mgonjwa aliyetoroka wodini. Kaniambia pole mara mbili.

Povu lilitoka kweli. Nikasuuza tena, nikaacha pakauke. Usiku nikakoroga unga wa hina na maji ya limau na chai ya rangi, uzito wa uji wa mtoto, nikapaka. Nikakandamiza uingie kwenye bonde. Mzee alisema ukishapaka funika na nailoni ilale mpaka asubuhi. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mama watoto ana wake mmoja kauficha chini ya godoro kama hati ya kiwanja. Nikafunika zulia. Mikono mzee hakuitaja. Nikakaa pale nimekandamiza, nikasinzia, nimeshtuka adhana ya alfajiri, viganja vyote viwili bado viko kwenye uji.

Niseme ukweli, zulia lilipendeza. Bonde lipo, ila rangi imekolea wekundu wa kahawia, na ukivuta stuli juu yake na kuzima taa moja, huoni. Mikono sasa. Nimeosha kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya kula. Saa za mchana ndiyo ikazidi kukolea. Kumi kwa kumi, mpaka kucha. Bibi harusi mwenye ndevu.

Jumapili jioni mama watoto huyo, na hina zake za Tanga, maua mpaka kwenye kiwiko. Nampokea begi. Nilipaswa kumpokea kwa miguu. Hakulitazama zulia hata kidogo. Kalishika jicho lake hapa hapa, viganjani.

"Baba watoto. Nani kaolewa humu?"

Kimya. Ama niseme zulia, ama niseme nina mke wa pili. Wallahi kuna sekunde tatu nilimfikiria huyo mke wa pili, nikaona ana unafuu. Mama watoto kanishika mkono, kaugeuza, kaunusa. "Hii imelala usiku kucha," akasema taratibu. Mtu wa Tanga humdanganyi kwa hina. "Mwanangu! Nani alikuja hapa nikiwa sipo?"

Binti kaja anatafuna chipsi. Chipsi zangu.

"Alikuja babu mmoja akachoma zulia na kiberiti. Baba akalipaka hina. Kabla ya hapo alilichora na maka peni. Kabla ya hapo akalimwagia siki, watu wakaja kwenye msiba, mwalimu akasema baba ni Mjerumani. Na mwanzo kabisa alilimwagia jiki yote."

Halafu akanigeukia, uso umejaa uaminifu, akanikonyeza.

"Lakini mchuzi sijasema."