Vidole Vitatu

Pikapu yangu ni Hilux ya makamo. Haijawahi kunilalamikia, nami sikuwa na ugomvi nayo mpaka Jumapili ile shemeji alipokuja kula pilau. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akatikisa kichwa. "Shemeji, gari zuri, lakini linatembea peku."

Ukishaambiwa hivyo mbele ya watoto, hata pilau haishuki.

Yeye ana Ford Ranger, na rimu zake za zamani alikuwa amezirundika chini ya ngazi. "Zina matundu sita kama zako, zichukue tu." Na kweli tulipopima toka tundu hadi tundu la mkabala tukapata milimita 139.7, sawasawa na Hilux. Tukapiga jeki, tukafungua nati, tukainua rimu. Ikagoma. Tundu la katikati la Ranger ni milimita 93.1, na kitovu cha Hilux ni 106.1. Shemeji akashauri tukalichonge. Mke wangu akashauri tukanawe mikono.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka aliniita bosi mara saba kabla sijafika kaunta, na katika mazungumzo yote aliuliza swali moja tu: "Unataka inchi ngapi, bosi?"

Moyo ulitaka 20. Mgongo ukakataa, maana barabara ya mtaani kwetu unaijua, mashimo yameshikana mikono. Tairi langu la zamani, 265/65 la rimu 17, lina ukuta wa mpira wa milimita 172. Ukivaa rimu 20 na bado unataka kimo kilekile cha gurudumu, unaangukia 265/50, ukuta wa milimita 132. Sentimita nne za mpira zimeondoka, na ndizo zilizokuwa zikipigana na mashimo kwa niaba ya kiuno changu. Nikajiona mwenye busara kupita wote mle dukani: nikachukua 18, upana inchi 9, matairi 285/60. Nikalipa. Mke wangu nilimtajia nusu ya bei.

Si mimi wala yule kijana aliyeigeuza rimu kuangalia nyuma. Kule ambako hata muosha magari hafiki kuna herufi mbili, ET, na namba mbele yake. Namba hiyo ndiyo ofseti: ni milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokalia kitovu. Ikiwa kubwa, gurudumu linajificha chini ya gari. Ikishuka, linatoka nje kuchungulia wapita njia. Rimu zangu za kiwandani zilikuwa na upana wa inchi 7.5 na ET30. Hizi mpya ni ET0. Siku nilipoiona ile sifuri nilidhani mwandishi alikatizwa kazi.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, kwenye karatasi ya maandazi. Upana umeongezeka inchi moja na nusu. Nusu yake, milimita 19, imekwenda nje. Ongeza zile 30 za ofseti zilizopotea. Jumla 49. Vidole vyangu vitatu, kila upande.

Mvua ya kwanza ilinionyesha kazi ya fenda. Tairi likikaa ndani ya fenda, matope yanaishia humo humo. Likitoka vidole vitatu, yanarushwa juu, yanapiga mlango, yanapiga kioo cha pembeni, na kwa kuwa nilikuwa nimeshusha dirisha nionekane, yakaniingia sikioni. "Baba watoto," mke wangu akasema huku akipangusa kitenge chake, "hili gari siku hizi linatema."

Kukata kona kuingia getini nikasikia krrrr, tairi la mbele linakwangua plastiki ya ndani ya fenda. Usukani nao umekuwa mbuzi wa Idi, kila shimo unanivuta kwenda kwake. Nikampelekea fundi. Akachuchumaa, akaingiza mkono, akatoka akicheka.

"Mzee, hizi ni sifuri. Ungechukua 18 kwa 8, ET ishirini na tano hivi, ungezidi sentimita moja tu na kitu. Hapa beringi zitakulalamikia."

"Tufanyeje?"

"Tukate plastiki kidogo." Sijawahi kumwona fundi ambaye jibu lake halina kukata.

Nikarudi dukani na moto wangu. Yule kijana wala hakushtuka. "Bosi, hiyo siyo shida, tunazo fenda za kupanua, zinabandikwa juu, mpango mzima." Nilikwenda kudai hela yangu, nikarudi nyumbani na boksi. Mke wangu hakuuliza bei. Alilitazama tu.

Jumapili shemeji akaja. Akaizunguka pikapu, mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa limesimama, shemeji. Ila limekuwa fupi. Ukilinyanyua inchi mbili tu..."

"Pilau imekwisha," mke wangu akasema kutoka jikoni, sufuria ikiwa bado inatoa mvuke.