Hija ya Magurudumu Mawili

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huko kwetu anayefunga gunia la mkaa kwenye keria ya baiskeli huonewa huruma. Huku Ulaya mwenye gari na likizo ya malipo akifunga mzigo wake vilevile, huitwa hujaji. Safari inayopangwa sana ni ya Santiago de Compostela, Uhispania, kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo. Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ni kilomita zipatazo 780. Mpangaji hugawa kwa 60 kwa siku, hupata siku 13, kisha hulala usingizi mnono. Hesabu ni sahihi, na ndiyo inayomponza. Baiskeli haipunguzi mateso ya hija. Hubadilisha tu kiungo kinachouma.

Methali yetu ya haraka na baraka, huku wameiandikia kanuni. Anayetaka cheti cha hujaji kwa miguu atembee angalau kilomita 100. Mwenye baiskeli aendeshe 200, na kitabu chake cha hujaji kigongwe mihuri njiani. Hosteli nyingi za mahujaji hutanguliza watembeao, hivyo aliyefika mapema kwa magurudumu husubiri mwenye malengelenge apate kitanda kwanza. Halafu kuna mlima: Msalaba wa Chuma ulio njiani uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuteremka kuelekea Molinaseca ni mtihani wa breki. Kilomita 60 za tambarare na 60 za huko ni ndugu wa jina tu.

Wapo watakaosema baiskeli ni udanganyifu, hija ni miguu. Mbona basi mwenye farasi hudaiwa 100 zilezile za mtembea, ilhali anayetoka jasho ni farasi? Wengine watasema hujaji atawakali tu, mipango ya nini. Hao wamechelewa kwa karne kadhaa. Kitabu cha mwongozo kilichomo katika hati ya kale iitwayo Codex Calixtinus, cha karne ya 12, kiliigawa njia hii sehemu 13, kisha hakikuishia hapo: kilitaja mito ya maji mazuri na mabaya, na kikaonya juu ya mto mmoja ambao farasi akinywa maji yake hufa, huku watu wakinoa visu kando wakingoja kumchuna. Mwandishi alijua kwamba idadi ya siku haimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni kujua maji yako wapi na nani anamngoja ng'ambo.

Kwa hiyo anayepanga aanze na kitanda, mlima, breki na uzito wa mzigo. Siku zitajihesabu zenyewe, ziwe 13 au 17. Na akikosa mshauri, namwelekeza kwa muuza mkaa wetu. Yeye hajawahi kuuliza ni kilomita ngapi. Huuliza kuna mwinuko gani, gunia lina kilo ngapi, na breki zinashika?

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni