Guu la Kushoto

Nasikia kwamba huko Marekani mkufunzi wa kandanda wa chuo kikuu humwandama kijana mahiri kwa barua na bashasha, akamwahidi elimu bila ada, ili mradi guu lake la kushoto lisiposwe na chuo jirani. Ilhali sisi wa Nyambureti, ambao vijana wetu hucheza chandimu machungani hata magharibi, hatuzuriwi na mgeni wa namna hiyo ila mgombea, naye huja na jezi na mpira mmoja kila baada ya miaka 5. Tusikufuru lakini: Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, mkoani mwetu, alisomeshwa El Paso, Texas, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Ila yeye alikimbia. Kandanda yahitaji kiwanja, na chetu ng'ombe hawajamaliza kukila.